Kodi ya Damu: Mwaka 1873 katika Filamu ya Shurayukihime

Utangulizi

Filamu ya Kijapani iitwayo Shurayukihime ilitolewa mwezi Desemba 1973 chini ya uongozi wa Toshiya Fujita. Mhusika mkuu, msichana muuaji Yuki, aliigizwa na Meiko Kaji. Chimbuko la filamu hii ni manga, yaani hadithi ya picha, iliyotungwa na Kazuo Koike na kuchorwa na Kazuo Kamimura, ambayo ilitolewa kwa mfululizo katika miaka ya 1972 na 1973. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno. Katika Kijapani, Shirayukihime ni yule binti mfalme wa hadithi za watoto aliye mweupe kama theluji. Kwa kubadili irabu moja tu, shira, yenye maana ya weupe, inageuka kuwa shura, neno la asili ya Kibuddha linalotaja ulimwengu wa mapigano yasiyokoma. Binti wa theluji anakuwa binti wa mauaji.

Kwa muda mrefu filamu hii imesifiwa kwa sababu ya fani yake. Wapenzi wa sinema hukumbuka theluji iliyotapakaa damu, kimono nyeupe na mwavuli uliofichwa upanga ndani ya mpini wake. Quentin Tarantino alipotengeneza Kill Bill, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2003, aliazima mengi kutoka kwa filamu hii, ukiwemo wimbo wake ulioimbwa na Kaji mwenyewe. Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, zimefunika jambo ambalo mtazamaji wa Japani alielezwa waziwazi na msimulizi wa filamu, nalo ni kwamba msiba unaomzaa Yuki ulitokea katika mwaka mahususi na kwa sababu mahususi.

Makala haya yanakusudia kuirudisha filamu hiyo katika mwaka huo, 1873. Hoja yake ni kwamba ndani ya miezi michache ya mwaka huo dola changa ya Meiji ilijitwalia mamlaka juu ya damu ya raia kwa njia mbili: iliwaamuru waimwage kwa ajili yake, na ikawakataza kuimwaga kwa ajili yao wenyewe. Yuki amezaliwa kati ya amri hizo mbili. Maisha yake yanapotazamwa kwa jicho la kihistoria, yanaonekana kuwa hesabu ya deni ambalo dola haikukubali kulilipa.

Kisa kwa Ufupi

Kisa kinaanzia gerezani mwaka 1874. Usiku wa theluji, mfungwa aitwaye Sayo anajifungua mtoto wa kike na kumpa jina Yuki, lenye maana ya theluji. Mwaka uliotangulia, mumewe Sayo, mwalimu aliyekuwa ndiyo kwanza amepelekwa kufundisha kijijini, aliuawa na genge la wahalifu wanne pamoja na mwanawe mdogo wa kiume. Sayo mwenyewe alinajisiwa. Baadaye alifaulu kumuua mmoja wa wahalifu hao, akahukumiwa kifungo cha maisha. Kwa kuwa hakuweza tena kuwaandama waliosalia, aliamua kujitoa kwa walinzi wa gereza apate mimba, ili mtoto atakayezaliwa aje kuikamilisha kazi. Alifariki baada ya kujifungua.

Yuki analelewa na mwanamke aliyefungwa pamoja na mamake, na anafunzwa upanga na kasisi Dokai kwa ukali usiojali kuwa huyu ni mtoto. Anapokuwa msichana wa miaka kama ishirini, anaanza kuwatafuta watatu waliobaki: Banzo, Okono na Gishiro.

Muhtasari huu unaonyesha kwa nini wahakiki wengi wamekiweka kisa hiki katika kundi la hadithi za kisasi na kuishia hapo. Lakini swali la msingi linabaki. Kwa nini mwalimu yule aliuawa? Jibu la filamu ni kwamba alikuwa amevaa nguo nyeupe, na kwamba wanakijiji waliaminishwa kuwa yeye ni mjumbe wa serikali aliyekuja kuchukua damu. Jibu hili si ubunifu wa Koike. Limetoka katika historia.

Tafsiri Iliyozua Vurugu

Baada ya utawala wa mashogun wa ukoo wa Tokugawa kuangushwa mwaka 1868, watawala wapya wa Meiji waliazimia kuijenga Japani kwa shabaha iliyofupishwa katika maneno mawili: nchi tajiri, jeshi imara. Kwa karne nyingi kazi ya kupigana ilikuwa ya tabaka la samurai. Mwishoni mwa 1872 serikali ilitoa tangazo la kuwaandaa raia kwa jeshi la watu wote, na tarehe 10 Januari 1873 ikatoa sheria yenyewe. Kila mwanamume aliyetimiza miaka 20 aliwajibika kuhudumu jeshini kwa muda wa miaka 3, kisha kubaki katika akiba. Walisamehewa wakuu wa kaya, warithi wao, watoto wa pekee, maafisa wa serikali na wanafunzi wa shule fulani. Alisamehewa pia yeyote aliyeweza kulipa yeni 270, kiasi ambacho mkulima wa kawaida hakuweza hata kukiota.

Katika tangazo la 1872 waandishi wa serikali walieleza kwamba kila mtu ana wajibu wa kuitumikia nchi yake, na kwamba watu wa Magharibi huuita wajibu huo kodi ya damu, kwa kuwa mtu huitumikia nchi kwa damu yake iliyo hai. Istilahi hiyo ilikuwa tafsiri sisisi ya msemo uliokuwa ukitumika Ufaransa. Kule ilikotoka ilikuwa sitiari iliyokwisha kuchakaa kwa matumizi, wala hakuna aliyedhani kwamba karani angekuja na chupa mkononi. Ilipopandikizwa katika Kijapani na kusomwa vijijini, iligeuka kuwa taarifa. Serikali imesema inataka damu, basi inataka damu.

Uvumi ukaenea kwamba watu waliovaa nguo nyeupe wangepita vijijini kuwakamata vijana na kuwakamua damu. Mwezi Mei 1873 vurugu kubwa zilizuka katika mkoa wa Hojo, eneo ambalo leo ni sehemu ya kaskazini ya Okayama, na mwezi Juni zikazuka nyingine katika kisiwa cha Shikoku. Wakulima waliojihami kwa mikuki ya mianzi walizishambulia ofisi za serikali na nyumba za maafisa, na shule nazo zikachomwa. Vurugu hizi hujulikana katika historia ya Japani kwa jina lilelile lililozianzisha, yaani maasi ya kodi ya damu.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatakosa kukumbuka hapa uvumi wa mumiani na wa wazimamoto, ambao katika enzi ya ukoloni ulidai kwamba watumishi wa serikali waliwanasa watu usiku na kuwanyonya damu. Mwaka 1947 umati wa watu ulikishambulia kituo cha zimamoto cha Mombasa kwa sababu ya uvumi wa aina hiyo. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2000 kuhusu visa hivyo, anashikilia kwamba uvumi wa namna hii haufai kutupiliwa mbali kama ushirikina, kwa kuwa una historia ndani yake. Mlinganisho huu haudai kwamba kisa kimoja kilizaa kingine. Unaonyesha tu kwamba watu wanapokabiliwa na dola ngeni inayodai miili yao, huitafsiri dola hiyo kwa lugha ya damu. Waswahili wana usemi kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Wakulima wa Hojo walikosea kuhusu chupa, lakini hawakukosea kuhusu damu. Japani ilipigana na China mwaka 1894 hadi 1895, na Urusi mwaka 1904 hadi 1905, na askari waliokufa katika vita hivyo walikuwa kwa sehemu kubwa watoto wa wakulima walioandikishwa kwa mfumo ulioanzishwa na sheria ya 1873.

Kwa mintarafu hii, kumfanya marehemu kuwa mwalimu ni uamuzi wenye uzito. Mfumo mpya wa elimu ulikuwa umetangazwa mwaka 1872, na gharama zake ziliwaelemea wanavijiji. Machoni pao mwalimu na mwandikishaji wa askari walitumwa na bwana mmoja, na ndiyo sababu shule zilichomwa pamoja na ofisi. Mumewe Sayo anauawa kwa kosa asilolifanya, lakini aliyemtuma kijijini ndiye yuleyule aliyetangaza kodi ya damu. Wahalifu wanne wanachofanya ni kuingia katika ufa uliopo kati ya serikali na raia na kuugeuza kuwa biashara. Wanawauzia wanakijiji ahadi ya kuwaepusha na jeshi, na wanahitaji maiti ya mtu mwenye nguo nyeupe ili wanakijiji waamini. Hofu ile ilikuwapo kabla yao. Wao waliitoza pesa tu.

Kisasi Chapigwa Marufuku

Amri ya pili ilitolewa mwezi Februari 1873, mwezi mmoja tu baada ya sheria ya jeshi. Serikali ilipiga marufuku kisasi.

Chini ya Tokugawa, kulipiza kisasi hakukuwa uhuni. Ilikuwa desturi iliyotambuliwa na wenye mamlaka, iliyokuwa na taratibu zake za kupewa ruhusa na kuandikishwa. Kwa kawaida iliruhusiwa pale mdogo alipomlipia mkubwa wake katika ukoo, hasa mwana kwa mzazi. Amri ya 1873 ilitamka kwamba mauaji ni kosa kubwa dhidi ya sheria ya nchi, na kwamba kumwadhibu muuaji ni kazi ya serikali peke yake. Jambo lililokuwa fadhila ya mwana mwema likawa jinai.

Mfano unaojulikana sana ni wa Usui Rokuro, kijana wa tabaka la samurai ambaye wazazi wake waliuawa mwaka 1868. Alimtafuta muuaji kwa miaka mingi na kumkuta amekuwa hakimu katika serikali mpya. Alimuua Tokyo mwaka 1880, akajisalimisha, na akahukumiwa kifungo cha maisha. Umma ulimhurumia, lakini sheria haikuwa na nafasi ya huruma hiyo. Katika kisa cha Usui kuna swali ambalo filamu ya Fujita inalibeba tangu mwanzo hadi mwisho. Serikali imemnyang'anya raia haki ya kisasi kwa ahadi kwamba yenyewe itamtendea haki. Je, ahadi hiyo imetimizwa? Katika kisa cha Sayo haikutimizwa. Walioua familia yake hawakukamatwa. Aliyekamatwa ni yeye, alipomuua mmoja wao.

Hapa ndipo inapoeleweka kwa nini Sayo anaamua kuzaa. Dola imemfungia njia zote mbili: haimlipii, wala haimruhusu ajilipie. Kilichobaki mikononi mwake ni mwili wake, na anaugeuza mwili huo kuwa silaha itakayoishi baada yake. Inafaa kuona pia kwamba Yuki hana hata tone moja la damu ya mwalimu yule. Baba yake mzazi ni mlinzi wa gereza asiyejulikana jina, mtumishi mdogo wa dola hiyohiyo. Kwa hiyo wajibu wa kumlipia mwalimu haukupita kwa nasaba. Ulipita kwa masimulizi: maneno ya mama aliyekuwa akikata roho, yakahifadhiwa na wafungwa wenzake, kisha yakakaririwa na kasisi kwa mtoto asiyeweza kuyapima. Dola iliwaandikisha wavulana walipofika miaka 20. Yuki aliandikishwa siku aliyozaliwa. Ukatili wa jambo hili haufichwi katika filamu, na ndio unaomtofautisha Yuki na mashujaa wa kawaida wa hadithi za kisasi. Yeye mwenyewe ni kodi ya damu.

Mwavuli na Gazeti

Mambo mawili ya fani yanathibitisha kwamba watunzi walikuwa wakiifikiria historia, hawakuwa wakitafuta pambo tu. La kwanza ni mwavuli. Mwezi Machi 1876 serikali ilipiga marufuku kubeba panga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na maafisa katika mavazi rasmi. Tangu siku hiyo upanga ukawa alama ya dola, na raia aliyeubeba alikuwa mvunja sheria. Mtu wa miaka ya 1890 aliyetaka kutembea na upanga Tokyo hakuwa na budi kuuficha. Mwavuli wa Yuki ni silaha ya mtu aliyenyimwa haki ya kuwa na silaha.

La pili ni gazeti. Yuki anakutana na mwandishi Ryurei, ambaye anakiandika kisa chake na kukichapisha kwa mfululizo ili kumvuta Okono atoke mafichoni. Kipengele hiki nacho kina asili yake. Magazeti ya Meiji yalichuma sana kutokana na visa vya wanawake wauaji. Mashuhuri zaidi ni kisa cha Takahashi Oden, aliyeshtakiwa kwa kumuua mfanyabiashara katika nyumba ya wageni mwaka 1876 na kukatwa kichwa Tokyo mwezi Januari 1879. Mwaka huohuo mwandishi Kanagaki Robun alitoa simulizi ndefu juu yake, akimsawiri kama zimwi la kike. Sheria ilikuwa imemaliza kazi yake kwa upanga, na fasihi pendwa ikamalizia kwa kalamu.

Filamu inaipindua desturi hiyo. Anayeandikwa hapa yu hai, na maandishi yanafanya kazi kwa faida yake. Lakini mwandishi naye hana mikono safi, kwa sababu Ryurei anakuja kubainika kuwa ni mtoto wa Gishiro, kiongozi wa wauaji aliyedhaniwa amekufa. Aidha, wakati wa kusimulia yaliyopita, Fujita anaingiza michoro katikati ya picha za waigizaji, na anaigawa filamu kwa sura zenye vichwa kama kitabu. Mtazamaji anakumbushwa kila mara kwamba anachokiona kimesimuliwa na mtu. Historia inamfikia ikiwa tayari imepita katika mikono ya wasimulizi, kama ilivyomfikia Yuki mwenyewe.

Gishiro anapopatikana hatimaye, yumo katika karamu ya dansi ya mabwana na mabibi waliovaa Kizungu, mandhari yanayomkumbusha mtazamaji Rokumeikan, jumba lililojengwa Tokyo mwaka 1883 ili wageni wa kigeni waione Japani kuwa nchi iliyostaarabika. Yule aliyewatoza wakulima pesa kwa kuogopa jeshi sasa ni tajiri wa biashara ya silaha. Safari yake kutoka kijijini hadi ukumbini ndiyo safari ya shabaha ya nchi tajiri na jeshi imara, ikitazamwa kutoka upande wa waliokanyagwa.

Yaliyoachwa Nje

Uhakiki wa haki hauna budi kutaja pia kile ambacho filamu imekinyamazia. Maasi ya 1873 hayakuishia kwa maafisa na shule. Mwaka 1871 serikali ilikuwa imefuta kisheria hadhi duni ya watu waliotengwa na jamii kwa vizazi vingi kutokana na kazi zilizohesabiwa kuwa najisi, kama vile za ngozi na mizoga. Waasi wa Hojo walidai amri hiyo ifutwe. Walivishambulia vijiji vya watu hao, wakachoma nyumba kwa mamia na kuua watu kadhaa. Damu nyingi zaidi iliyomwagwa na waasi wa kodi ya damu ilikuwa ya watu waliokuwa maskini na wanyonge kuliko wao.

Katika filamu hawa hawamo. Umati wa kijijini unaonekana kuwa umepumbazwa na wageni wanne, na lawama yote inabebwa na hao wanne. Kwa njia hiyo wakulima wanabaki wahanga tu. Historia ni chungu zaidi, kwa kuwa mtu aliyeonewa na dola aliweza, siku hiyohiyo, kumgeukia jirani aliye chini yake. Pengo hili halibatilishi thamani ya filamu, lakini linaweka mpaka wa madai yanayoweza kutolewa juu yake. Imeikumbuka hofu ya 1873 kwa uaminifu, na imeisahau chuki iliyoandamana nayo.

Hata hivyo, kuna mhusika mmoja anayelikaribia pengo hilo, naye ni Kobue, binti wa Banzo. Banzo ameporomoka. Ni mgonjwa na mlevi, na anaishi kwa jasho la binti yake. Yuki anamuua bila kusita. Kobue hana habari ya 1873, hana habari ya mwalimu wala ya nguo nyeupe. Anachojua ni kwamba baba yake ameuawa. Mwishoni, Yuki anapotoka karamuni akiwa na majeraha, ni Kobue anayemchoma kisu katika theluji. Kwa maskini huyu Yuki ndiye aliyekuja kuchukua damu.

Hitimisho

Filamu hii ilitoka miaka 100 kamili baada ya matukio inayoyasimulia. Watazamaji wake wa kwanza walikuwa watoto wa kizazi kilichoandikishwa jeshini kwa nguvu hadi Japani iliposhindwa mwaka 1945, na waliishi chini ya katiba ya 1947 iliyokana vita. Kwao kodi ya damu haikuwa istilahi ya vitabuni. Karibu kila nyumba ilikuwa imeilipa. Walipoambiwa na msimulizi kwamba wakulima wa 1873 waliielewa vibaya amri ya serikali, wengi wao walikuwa na sababu ya kujiuliza iwapo kweli waliielewa vibaya.

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uandikishaji wa askari, marufuku ya kisasi na marufuku ya panga ni mambo matatu yanayofanya kiunzi cha kisa cha Yuki, na kwamba bila hayo kinabaki mavazi, theluji na rangi nyekundu. Ndivyo kilivyosafiri kwenda nchi nyingine: sura yake ilivuka bahari na mwaka wake ukabaki nyumbani. Katika picha ya mwisho jua linachomoza, na Yuki, aliyelala katika theluji, anafumbua macho. Watunzi hawakumpa mauti, wala hawakumpa amani. Waliomwachia deni wote wamekwisha kufa, na Kobue, aliyemchoma kisu, bado yu hai.